Simu Iliyowapikisha Majirani wa Mkunya

Kwanza naomba radhi kwa mwandiko wangu. Niliishia darasa la saba, herufi zangu zinalala upande kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na najua kuna maneno nimeyakosea. Naandika polepole. Lakini jambo hili limenijaa kifuani tangu wiki iliyopita, na nikisema nilisimulie kwa mdomo nitashikwa na haya kabla sijafika katikati.

Nafanya kazi Masasi, kwenye kibanda cha kutengeneza simu karibu na stendi. Kazi inanifaa kwa sababu simu haikutazami usoni. Kibanda cha pili yupo rafiki yangu aliyesoma kompyuta chuoni. Anauza vocha na kuchapa barua za watu huku akisubiri ajira. Yeye anajua kuandika programu za simu. Mimi sijui. Mimi najua jinsi watu wanavyoshika simu. Mama mwenye unga mikononi hubonyeza kwa kifundo cha kidole. Bibi huisogeza simu mbali mpaka mkono unamwishia.

Siku moja tukiwa tunakula nilimweleza nilichokiona kwa mama mdogo wangu, kijijini Mkunya. Sufuria nzima ya kisamvu cha nazi ilimwagwa asubuhi kwa sababu kimechacha, na nyumba ya jirani watoto walikuwa wamelala na uji mtupu. Hakuna aliyejua habari za mwenzake.

Rafiki yangu aliacha kutafuna. "Hilo linatengenezeka," alisema. "Wewe chora, mimi nitaandika."

Basi nikachora! Nilichora kwenye maboksi ya simu, juu ya kila boksi skrini moja. Picha ya sufuria: ukibonyeza, majirani wanajua kwako kimebaki chakula. Picha ya sahani: ukibonyeza, umesema unakihitaji. Maneno hayakuwepo kabisa. Badala ya mlio wa kawaida tulirekodi mwiko ukigonga sufuria. Wateja walikuwa wananiita mara mbili ndipo nisikie, maana hata betri nilikuwa nazifunga huku nawaza sufuria.

Mama mdogo alizunguka mwenyewe kwa majirani kuwaomba wakubali kuiweka kwenye simu zao. "Nimewaambia huyu ni mwanangu, hawezi kunidhalilisha," aliniambia. Rafiki yangu naye aliniambia wazi: "Wakiifuta hawa, hatuna wengine. Nitatafuta kazi nyingine ya kufanya."

Wiki ya kwanza tulikuwa tunaitazama kompyuta yake kama watu wanaotazama mpira. Kila sufuria iliyobonyezwa ilionekana kama nukta nyekundu. Jumatatu nukta chache. Jumanne zikaongezeka. Alhamisi skrini ilikuwa kama imemwagiwa pilipili.

"Inatumika!" rafiki yangu akapiga kelele.

"Inatumika!" nami nikapiga kelele, mimi ambaye sipigi kelele. Mwenye duka la viatu alikuja kuuliza kama tumeibiwa.

Jumamosi nikapanda basi la Newala, kisha bodaboda mpaka Mkunya, moyo unanienda mbio kwa furaha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Pita jikoni ukaone kazi ya simu yako."

Jikoni palikuwa na mabakuli chini, mabakuli juu ya kinu, mabakuli kwenye ungo. Ugali wa muhogo, mbaazi, kunde, mbaazi tena. Nyingine zimeshaanza kutoa povu.

"Jirani kaniletea kunde zilizobaki," mama mdogo alisema. "Vizuri. Sasa sahani yake niirudishe tupu? Nikapika mbaazi, nikabonyeza sufuria ajue zinakuja, nikamrudishia. Akaona mbaazi za moto, akaona haya, akanikaangia maandazi. Mwanangu, tangu Jumatatu hatujapumzika. Kuni zimekwisha!"

Nilikaa kwenye kigoda. Nimezaliwa huku huku. Tangu utoto nimetumwa kurudisha sahani, na kamwe sikuwahi kutumwa na sahani tupu. Lakini kwenye maboksi yangu nilichora chakula kikienda tu. Zile nukta nyekundu zilizoturusha kwa furaha kule Masasi zilikuwa chakula kipya, kimepikwa ili kulipia kiporo.

Alasiri majirani walikuja barazani. Mama mdogo aliwatandikia mkeka akakaa pembeni.

"Ndiye fundi huyu?" aliuliza mama mmoja mrefu, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya shamba. "Mbona mwembamba hivi, na sisi ametunenepesha!"

"Mume wangu anauliza harusi hii inaisha lini," mwingine akadakia.

Wakacheka. Yule mrefu akatoa simu kwenye pindo la khanga. "Mimi naifuta. Nionyeshe pa kubonyeza."

Nilimtazama mama mdogo. Alikuwa anavuta ukindu wa mkeka kwa kucha. Sijui niliwezaje kusimama.

"Naomba kuuliza," nikasema, na sauti ikatoka nyembamba. "Sahani ikirudi na kitu kisichopikwa, ni aibu?"

Yule jirani aliyeleta kunde akasema, "Msimu wa korosho si tunarudisha makopa? Nani ana muda wa kupika, na wote tuko mikoroshoni?"

"Makopa!" yule mrefu akang'aka. "Nikuletee kuku, unirudishie muhogo mkavu?"

"Kwani kwako kuku alibaki lini?"

Baraza zima likalipuka. Hata yeye alicheka mpaka akajifuta macho. Na hapo mambo yakaanza kwenda mbio kuliko mkono wangu. Mmoja akasema karanga. Mwingine akasema kunde kavu, hata chumvi, mradi kisioze. Jirani wa kunde akaongeza, "Na aliyepokea asiwashe jiko! Ale alicholetewa."

Nilichukua mkaa nikachora palepale kwenye boksi la simu nililokuja nalo. Ukipokea sahani, moto kwenye skrini unazimika. Halafu unatokea ungo wenye vitu vikavu, unachagua cha kurudisha, na mwenzako anajua kinakuja siku yoyote.

Mama mrefu aliinama juu ya boksi. "Hayo ndiyo makopa? Mbona kama viatu?"

Nikachora tena. Akatazama muda mrefu, kisha akafunga simu yake kwenye pindo la khanga bila kufuta kitu. "Nakupa mpaka korosho ziishe."

Mama mdogo akanyanyua uso. "Mnakunywa chai?" aliwauliza, kwa sauti yake ya siku zote.

Nilikimbilia nyuma ya nyumba kumpigia rafiki yangu. Nilieleza haraka mpaka akasema nianze upya. Jumatano hii ameiweka ile mpya kwenye simu zao, na jana mama mdogo alipokea bamia, moto ukazimika, na kweli hakupika. Karanga zake zimefika kwa jirani leo.

Sasa tunataka kwenda Tandahimba, na baadaye mbali zaidi, na huko sijui watu wanarudisha nini. Tafadhali mnaosoma, niandikieni. Kwenu sahani ya jirani hurudi na kitu gani kikavu? Nahitaji picha nyingi za kujaza ule ungo. Mkiona uzito kuandika, choreni.