Mkono Uliokuwa Ukishinda
Kinyozi hajinyoi, walisema wahenga, na akijinyoa hujikata. Huyu wetu hakujinyoa, alijipima. Bora angejikata.

Wateja walimwita Wembe, kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi hata mtu alisinzia huku ananyolewa ndevu. Kibanda chao kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia: upande huu yeye na kioo chake, upande wa pili mkewe, msusi, na viti vyake vifupi. "Wewe punguza, mimi naongeza," mkewe alikuwa akimtania kupitia pazia, na wateja wa pande zote mbili walicheka, ingawa utani huo walishausikia mara mia. Walipendana kwa kelele, na mtaa mzima ulijua.

Kisha kaka yake Wembe akafa. Ugonjwa ulimwanza kwa kushindwa kufunga kifungo cha shati. Mwenyewe alicheka, akasema shati limembana. Mkono ukakonda, ukalegea, ukafuata wa pili, ikafuata miguu, ukafuata ulimi, na mwisho pumzi yenyewe. Madaktari walisema ni ugonjwa wa neva zinazoamrisha misuli, na wa kuuponya hakuna. Wembe ndiye aliyemnyoa kwa mara ya mwisho, akiwa bado hai, macho tu yakimfuata kwenye kioo.

Haukupita muda, kope ya Wembe ikaanza kucheza. Wengine kope ikiwacheza husema mgeni yuko njiani. Yeye alisema ni kifo. Kesho yake likacheza shavu la mguu, keshokutwa bega. Vidole vya mikono yote miwili vikafa ganzi, midomo ikawasha, moyo ukaenda mbio akiwa amekaa tu. Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, wala simlaumu kwa hilo. Lakini alizidisha. Alisimama kwa mguu mmoja nyuma ya kiti, mteja ana povu kidevuni. Aliunyanyua wembe hewani aone kama ncha inatetemeka, na kwa kuikodolea macho, ikatetemeka kweli.

"Fundi," mteja mmoja alimuuliza, "unaninyoa au unanichinja?"

Watu walivunjika mbavu. Wembe alizunguka nyuma ya kibanda akalia.

Mkewe ndiye aliyemburuta mpaka kwa daktari wa mishipa ya fahamu, mama mmoja mtu mzima, mpole, asiye na haraka. Alimgonga magoti kwa kinyundo, akamtembeza kwa visigino, akamwambia asukume, avute, kisha akamchoma visindano vya kupima umeme wa misuli.

"Baba, misuli yako inacheza, lakini nguvu zako ziko palepale," alisema. "Ugonjwa uliomchukua kaka yako huiba nguvu, na huiba kimyakimya. Mara nyingi mwenyewe hasikii maumivu, atakwambia amechoka tu. Huku kucheza kunakohamahama, na ganzi, na moyo kwenda mbio, hii ni hofu. Hofu nayo ni ugonjwa, na inatibika. Nitakuelekeza kwa mshauri."

"Nitajuaje kama nguvu hazijaanza kuibwa?"

"Usijipime. Kila ukijipima unaipalilia hofu."

Masikio ya mwoga yana uchaguzi. Wembe alisikia kwamba nguvu huibwa, hakusikia kwamba asijipime. Kwa mshauri alikwenda mara moja, akarudi akisema yule ni mtu wa maneno tu. Akabuni kipimo chake. Kila asubuhi, chai ikiwa bado mezani, alimkalisha mkewe mbele yake, wakashikana mikono ya kulia na kubanana kwa nguvu zote, mpaka mmoja asalimu amri.

Mkono wa msusi usiufanyie mchezo. Mwanamke aliyetumia ujana wake kuvuta na kukaza nywele za watu ana vidole vya koleo. Mkewe alimshinda, na akamshinda tena, akicheka: "Nguvu unazo, baba. Ila mimi ninazo zaidi." Ulikuwa utani, lakini Wembe aliusikia kama hukumu. Siku hizo hata salamu za wateja aliziitikia kwa shida.

Halafu asubuhi moja wakatoka sare. Baada ya hapo akamshinda. Akamshinda tena, na tena, kila asubuhi, na kila mara kwa urahisi zaidi.

"Mama, umeona? Zinarudi!"

"Nimeona, mume wangu. Hongera."

Kope ilitulia. Usingizi ulirudi. Alianza kuimba huku ananoa wembe, sauti mbaya kweli, na hakuna aliyemkataza, kwa maana mtaa ulikuwa umemkosa.

Upande wa pili wa pazia, chanuo lilikuwa likianguka kila mara. "Dada, siku hizi unasuka kama unabembeleza mtoto," wateja walilalamika, maana misuko ililegea kabla ya wiki kwisha. Msusi alisema mikono imechoka. Majirani walisema ameishi na mwoga mpaka woga umemwambukiza, na Wembe, ambaye sasa alijiona bingwa wa mambo ya hofu, akakubaliana nao.

"Ni hofu tu, mama. Mimi ndiye ninayeijua. Njoo nikufundishe kupumua."

Alimkalisha mlangoni penye mwanga, akauchukua mkono wake wa kulia ili auweke tumboni, ausikie unavyopanda na kushuka. Ndipo alipouona. Kati ya kidole gumba na cha shahada nyama ilikuwa imebonyea, na chini ya ngozi kitu kilikuwa kikicheza chenyewe. Alikuwa ameshauona mkono wa namna ile. Somo la kupumua likaishia hapo.

Daktari yuleyule alimfanyia msusi vipimo vilevile, mkono wa kulia akaurudia mara mbili. Mwisho alivua miwani na kumgeukia Wembe. "Nguvu za mkono zilianza kupungua lini?"

Wembe alikuwa anajua. Alikuwa anaijua ile asubuhi ya sare, na zote zilizofuata, kila moja na kelele zake za ushindi.

Walikaa kwenye benchi nje, na watu wakawapita.

"Ulikuwa unajua?" aliuliza.

"Nilijua mkono unanikataa."

"Na ukanyamaza, mama?"

"Ulikuwa unaimba," mkewe alisema. "Baada ya muda wote ule, ulikuwa umeanza kuimba. Ningesemaje?"

Wembe aliunyoosha mkono amshike, kisha akaurudisha mapajani. Hakujua tena namna ya kuushika mkono ule bila kuupima.