Picha Hewa

Mtu akitaka kudanganya hutunga habari inayomsifu. Hii hainisifu hata chembe, kwa hiyo naomba uniamini tangu mwanzo. Ilinitokea mimi mwenyewe, Kilosa, kwenye uwanja wa mpira uliopakana na shamba la zamani la mkonge, na watu wawili walikuwepo. Wao siku hizi wanaifanyia utani. Mimi nimeshindwa.

Niliacha shule darasa la sita. Si kwa ujinga, ni kwa kutotulia. Nimechoma mkaa, nimeosha malori Mikumi, nimetengeneza simu bila kufundishwa na mtu, na kila nilichokishika nilitaka kujua ndani kuna nini. Kamera niliipata hivyo hivyo, mbovu. Nikaifungua, nikaifunga, ikapona, nikaanza kupiga picha za wachezaji.

Sisemi picha za mechi. Mechi mpira unakimbia kuliko kidole. Mimi napiga za kuigiza. Mpira unauning'iniza kwa mshipi wa kuvulia samaki, mchezaji anajifanya anaupiga. Jasho ni maji uliyochanganya na mafuta ya watoto, unampulizia usoni. Halafu mtu anarusha unga wa muhogo hewani, flashi uliyoificha nyuma inawaka, na kama umeifunika kwa karatasi ya pipi ya njano, ule unga unageuka moshi wa dhahabu. Kijana aliyeshinda shambani anatoka kama anapaa! Siri iko kwenye mwanga wa nyuma. Ukimmulika mtu kwa nyuma anabaki umbo jeusi lenye ukingo unaong'aa. Uso wake huuhitaji.

Kuna jambo lingine tunalolifanya wapiga picha, na naona haya kuliandika. Mtu akikung'ang'ania umpige na wewe hutaki, unabonyeza kile kitufe cha kujaribia flashi. Mwanga unawaka, mtu anafurahi, anakwenda zake. Kamera haijapiga chochote. Tunaiita picha hewa. Nimewapiga wengi namna hiyo, na nilikuwa nacheka.

Jioni hiyo nilikuwa na Shija, nahodha wa timu ya pale, ambaye wazazi wake ni wafugaji waliohamia kutoka kanda ya ziwa, na Hamisi, mshambuliaji mwenye mdomo usiofungwa. Walitaka picha ya kubandika mjini kabla ya fainali ya kata. Jua lilikuwa limezama, anga bado lina ubuluu. Kazi hii inataka nusu saa hiyo hiyo, ikipita umeikosa. Golini hapakuwa na mtu.

"Kipa wenu yuko wapi?" nikauliza.

"Anakamua ng'ombe," alisema Shija.

"Hata ng'ombe wanamfunga magoli," Hamisi akadakia.

Hapo ndipo kijana mmoja alipotokea upande wa mkonge. Peku, jezi yenye kola kama shati, umri wake kama miaka ishirini hivi. Mimi nimemzidi kwa mbali, au ndivyo nilivyodhani.

"Mambo, dogo?" nikamwambia.

"Marahaba," akaitika.

Aliitika taratibu, bila kutania, kama mtu aliyepewa haki yake. Hamisi alicheka mpaka akakaa chini. "Umepatikana leo, kaka! Mwamkie vizuri babu yako!" Nami nikacheka. Sikumwamkia. Ningemwamkiaje mtoto mdogo? Nikamwambia asimame golini, akasimama.

Flashi niliiweka nyuma ya goli. Hamisi akarusha unga, nikasema ruka, kijana akaruka. Mara saba. Nimeona makipa wengi, sijaona anayeruka vile, alikuwa anakaa hewani. Wala hakuhema. Shija alikuwa amekaa kwenye pikipiki yake, taa ameielekeza pembeni ili tuone tunapokanyaga, na mara moja tu usukani ulimponyoka, taa ikapita golini kisha ikarudi.

Tulipomaliza, kijana akanisogelea.

"Sasa nipige mimi. Uso."

"Wa nini?"

"Wa mdogo wangu. Kibwana, yuko Masanze. Hana picha yangu."

Akafunga vifungo vya kola mpaka juu. Akajifuta uso kwa mkono, akasimama wima, mikono imenyooka ubavuni. Hayo niliyaona kwa pembe ya jicho, kwa sababu nilikuwa nimeshamgeukia Hamisi. Betri ilibakiwa na alama moja, anga linazima, na nilitaka picha moja zaidi ya mshambuliaji. Nikaichukua flashi, nikaielekeza kwake bila kumtazama, nikabonyeza kitufe cha kujaribia.

"Tayari?" akauliza.

"Tayari."

"Imetoka?"

"Imetoka vizuri sana."

"Utampelekea?"

"Nitampelekea."

"Ahsante, mwanangu."

Hilo neno ndilo lililonifanya nigeuke. Hakuwepo. Uwanja ule uko wazi pande zote, na mkonge wenyewe uko mbali, mtu hawezi kuufikia kwa pumzi moja. Hamisi alikuwa ameshika bakuli la unga, unga unamwagikia miguuni.

Tulikwenda kwa Shija, tukakaa tukisubiri chakula, nikawasha kamera. Picha ya kwanza: goli, wavu, unga umetanda, na katikati ya unga pengo. Pengo lenye kichwa, mabega, miguu iliyokunjwa. Unga ulikuwa umemzunguka mtu ambaye hayumo. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu. Ya sita ndiyo ile ambayo taa ya pikipiki ilipita golini, na humo, mwisho wa lile pengo, palikuwa na mkono. Mkono wa mtu, kuanzia kifundo mpaka vidoleni, umemulikwa kwa mbele, na kidole cha mwisho kimepinda.

"Pale ndipo taa yangu ilipomgusa," Shija alisema polepole.

Umeelewa? Palipoguswa na mwanga wa mbele palitoka. Na yeye aliniomba uso.

Nilikaa siku tatu nikitafuta sababu za kutokwenda Masanze. Siku ya nne nilisafisha ile picha ya mkono, nikaenda. Nilimuuliza mama mmoja aliyekuwa anaanika mahindi anionyeshe kwa mtoto anayeitwa Kibwana.

"Mtoto?" alisema. "Kibwana hapa ni mmoja, na ana wajukuu wa kuoa."

Nilimkuta mzee anachonga mpini wa jembe. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitika, "Marahaba, karibu." Nikampa picha bila kueleza, kwa sababu sikujua nianzie wapi. Aliishika kwa muda mrefu. Kisha akaweka mkono wake mwenyewe juu ya ule wa pichani.

"Kidole hiki nilikibana mimi na mlango," alisema. "Nilikuwa mdogo. Hakunisemea kwa mama."

Akavua kofia yake. Mzee wa mvi tupu, akaiinamia ile picha akasema, "Shikamoo, kaka."

Nakwambia kweli, nilitega sikio. Nilingoja ile marahaba niliyoisikia uwanjani. Haikuja.

Akanihadithia. Baba yao alikuja kutoka mbali kukata mkonge, na kaka alikuwa kipa wa timu ya shamba. Alikufa wakati wa masika, akivuka mto kurudi kutoka kwenye mechi, akaokotwa mbali, akazikwa huko huko. Kibwana alikuwa bado mtoto wa kufunzwa kuhesabu tu. Miaka ilivyokwenda aliusahau uso. Sauti anaikumbuka, mwendo anaukumbuka, uso umefutika.

"Lakini alipigwa picha," mzee alisema. "Wiki ile ile. Alirudi nyumbani anacheka, akaniambia, Kibwana utaniona nilivyosimama. Baada ya msiba mama akaenda kuifuata. Yule mpiga picha akakiri kwamba kamera haikuwa na filamu, alikuwa anawaridhisha vijana tu."

Hakujua anamwambia nani. Au alijua, sijui. Nikamweleza yote, hata kile kitufe. Nilitegemea anitukane. Alikuna mpini kwa kisu, kisha akauliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba maji:

"Basi, wewe ulisimama naye. Uso wake ukoje?"

Hapo ndipo aibu yangu ilipo, kuliko hata ile ya uwanjani. Kazi yangu ni kutazama, na sikumtazama. Nilimtaka umbo. Ningesema hivyo, ningekuwa mtu. Badala yake nikaanza: ni mviringo kiasi, mzee, macho makubwa, anatabasamu upande mmoja... Maneno yalikuwa yanakuja yenyewe, matamu, na macho ya mzee yalikuwa yananifuata mdomoni.

Akaweka mkono gotini kwangu.

"Basi, mwanangu. Usimtungie."

Alinikaribisha chakula. Nikala.

Tangu hapo sikai tena mbali na Kilosa. Mimi niliyekuwa silali mji mmoja miezi miwili! Anga likibaki na ubuluu ule naenda uwanjani, naweka flashi, sasa ninazo mbili, mbele ya goli, naamkia kwa sauti, "Shikamoo," watu wanaopita wananicheka, kisha napiga. Zinatoka nguzo na wavu. Mzee Kibwana hupiga simu mara kwa mara. "Kaka amefika?" Namwambia bado. "Haya, mwanangu," anasema, na hajanilaumu hata siku moja. Angenilaumu pengine ningepata usingizi.

Basi wewe unayeshika kamera, au hata simu tu, nakuonya. Mtu akifunga vifungo mbele yako, mtazame kwanza usoni, kisha bonyeza kweli. Hujui amengoja miaka mingapi, wala hujui ni nani atakayekuuliza alikuwaje.