Habari Iliyopandishwa Kilimani

Nilitoka Pemba kwa meli ya usiku, nikakaa Unguja kwa shangazi yangu, nikavuka hadi Dar es Salaam, nikapanda ndege ya Addis Ababa, na huko nikalala juu ya begi langu mpaka ndege ya London ilipoitwa. Koti nililonunua Kariakoo lilifaa kupigia picha tu. Tulipoanza kushuka nilitazama dirishani nikitafuta kilima, maana kwetu huwezi kwenda kwa jirani bila kupanda na kushuka. Sikukiona. Niliona mapaa, yote sawa, na mto wenye rangi ya chai ya maziwa.

Nilikaa Croydon, kusini mwa London, nikapata kazi ya kuwaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba wanamotunzwa. Karatasi zangu za ukaazi zilichelewa miaka. Zilipotoka, mama yangu alikuwa ameshaanza kuumwa figo. Nilikata tiketi ya mwisho wa baridi, siku nilizopewa likizo. Nilitaka jambo moja tu, nimkute hai.

Kungoja kukanishinda nikiwa ndani. Siku zangu za mapumziko nilikuwa natoka na mzee mmoja wa Wete, kwetu Pemba, anayekaa Stratford, dereva wa basi aliyestaafu. Daktari alimwambia atembee kwa ajili ya sukari, yeye akanunua baiskeli. Watoto wake hawakutaka kufuatana naye. Aliwaita kwa Kiswahili, wakamkatalia kwa Kiingereza. Kwa hiyo aliniita mimi, akanitafutia baiskeli iliyotumika, na kila wiki tukapakia baiskeli zetu kwenye treni kuelekea kusini, kwenye vilima vya Surrey.

Alipenda zaidi ngome za kale. Usifikirie mawe wala mizinga. Ni matuta ya udongo juu ya kilima, na mahandaki yaliyozunguka, yote yameota nyasi na miti. Watu waliishi humo kabla ya Warumi kufika. Sekondari tulisoma Warumi, lakini hakuna aliyetwambia waliwakuta watu wamejichimbia vilimani. Nilikuwa nazunguka tuta lote, kisha nasimama upande wenye upepo natazama mabonde. Kwa kitambo kidogo niliweza kujidanganya kwamba nipo kwetu, juu ya shamba la karafuu. Halafu pua inaganda.

Kila tulipokutana stesheni, mzee alinisalimia salamu nzima, kama inavyotakiwa. Hujambo, umeamkaje, kazini salama, nyumbani hawajambo, bi mkubwa hajambo. Namjibu moja moja, ya mama mwisho. Ndipo tunaingia kwenye treni.

Jumamosi moja, majani yalipokuwa yanamalizika mitini, alinisalimia akaishia kwenye kazini salama.

Nilisubiri amalizie. Akaanza kuchunguza mnyororo wa baiskeli yangu, akasema unataka mafuta. Haukutaka mafuta.

Siku hiyo tulipanda Box Hill. Njia inajipindapinda, na vijana wenye nguo za kubana walitupita wakihema.

"Mzungu akipanda mlima anashindana na saa," mzee alisema.

"Na sisi?"

"Sisi tunashindana na magoti, yakhe."

Kule juu alifungua mkoba akatoa chapati na kuku wa kukaanga. Kabla ya hapo hakuwahi kubeba zaidi ya tende na maji.

"Kula," akaniambia.

"Sijasikia njaa, mzee."

"Kula kwanza."

Nikala. Alinitazama mpaka nikamaliza. Akafungua mdomo, akasema kuna mvua inakuja, tushuke.

Kwetu msafiri hapewi habari ya msiba kwa simu. Anatafutwa mtu wa nyumbani aliye karibu naye, anaambiwa, na yeye humwendea mhusika mchana, akahakikisha ameshakula, ndipo amwambie. Nililijua hilo. Nilimpigia kaka yangu jioni ile nikamwomba aniunganishe na mama.

"Kalala," akasema.

Kesho yake alikuwa kalala tena. Siku nyingine koo lilikuwa limemkauka. Sikuuliza zaidi. Nilifikiri kwamba maadamu sijaambiwa, tiketi yangu bado ina kazi. Nilikwenda kazini, nikawaogesha wazee wa watu, nikawakausha vizuri katikati ya vidole. Kila kitu nilikisikia kama kinatoka chumba cha pili.

Wiki iliyofuata tulikwenda kwenye ngome nyingine, ndogo, msituni. Mzee alileta sambusa. Nikala, naye akazungumza habari ya mapafu ya mkwewe hadi tukarudi stesheni. Nilimwona anavyoteseka. Ningeweza kumsaidia kwa neno moja, na sikumsaidia.

Mara ya tatu tulipanda kilima cha Holmbury. Tulisukuma baiskeli, matope yamejaa kwenye magurudumu. Ngome yake imekaa ukingoni kabisa, inatazama kusini, na wenyeji wanasema siku ya mwanga unaweza kuiona bahari. Siku hiyo hata bonde halikuonekana. Palikuwa na ukungu tu. Mwanamke mmoja akapita na mbwa, akasema hali ya hewa mbaya, tukamwitikia.

Tuliketi juu ya tuta. Mzee akatoa wali wa nazi kwenye chupa ya kuhifadhi joto, na kijiko kimoja.

"Mkeo kapika?"

"Nimepika mwenyewe."

"Ndiyo maana umeungua."

Hakucheka. Nikala wote, hata ukoko. Aliipokea chupa akaipakata bila kuifunga, nikamwonea huruma kuliko nilivyojionea mimi.

"Mwanangu," akasema, "kaka yako kanituma."

"Najua, mzee."

"Bi mkubwa katangulia mbele ya haki."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu uliposahau kuniulizia hali yake."

Akatia kofia yake usoni akalia. Mimi sikulia. Nilisema maneno yanayosemwa, sote kwa Mungu ni wenye kurejea, kisha nikamwomba anieleze alivyozikwa. Alinieleza kama alivyoelezwa. Alizikwa baada ya alasiri, watu walikuwa wengi, mvua haikunyesha. Nikaziba chupa ya wali, maana yeye alishindwa.

Tiketi sikuibadilisha. Kaka alinitaka niiwahishe, nikamwambia haina haja. Nikaacha kazi, nikarudisha ufunguo wa chumba, baiskeli nikamwachia jirani. Asubuhi ya mwisho mzee alikuja hadi Croydon. Tukasimama barabarani katikati ya tramu na watu wanaokwenda ofisini, akaniuliza kama kweli sirudi.

"Sirudi."

"Na huko sasa unakwenda kwa nani?"

Nikamwambia kuna kaburi, na kuna kaka. Akaitikia kwa kichwa. Treni ya uwanja wa ndege ilikuwa imekaribia kuondoka. Mzee akanihimiza nikimbie, lakini nilishuka ngazi taratibu, nikaikosa, nikakaa kwenye benchi kungoja nyingine.