Saa Moja Kati ya Charleroi na Porto

Baba yangu alipokuja kutoka Lubumbashi kututembelea Brussels, nilikuwa nimeshakaa mtaa wa Evere miaka tisa, nikifanya kazi ya kuhudumia wazee. Ndege zilipita juu ya paa letu kutwa, nami nilijiona fundi wa safari. Kwa hiyo aliposema anataka kumwona mdogo wake, shangazi yangu aliyeolewa na Mwangola wakahamia Porto, Ureno, sikumuuliza mtu. Nilikata tiketi mbili za ndege kutoka uwanja wa Charleroi. Ndugu hao hawakuwa wameonana kwa miaka ishirini na mitatu.

Tiketi ilisema tunaondoka saa nne asubuhi, tunafika saa tano na dakika ishirini na tano. Nilijua Ureno iko nyuma yetu kwa saa moja, basi nikaitoa. Nikampigia shangazi: "Tante, saa nne na dakika ishirini na tano uwe uwanjani, mlangoni."

Tukiwa kwenye basi la kwenda uwanjani, baba akavaa miwani, akaisoma karatasi ya tiketi.

"Ni kilomita ngapi?"

"Kama elfu moja na mia nne, papa."

"Bon. Inakaribia Lubumbashi na Kinshasa. Pale ndege inatumia saa mbili na zaidi. Hii yako inafika vipi kwa saa moja na nusu?"

"Za huku ziko na mbio."

"Mutoto yangu, saa ya kufika wanaiandika kwa saa ya kule unakofika. Walishaitoa. Wewe umeitoa mara ya pili."

Alikuwa amefanya kazi ya redio ya kuwasiliana na vituo vya reli maisha yake yote, na ukutani mbele yake zilining'inia saa mbili, ya Lubumbashi na ya Kinshasa, zikiachana kwa saa moja. Nililijua hilo tangu utoto. Hata hivyo nilicheka. Mzee aliyefika juzi anifundishe Ulaya? Simu nilikuwa nayo mkononi, sikumpigia shangazi kumrekebishia saa.

Saa moja na dakika ishirini na tano zilitimia tangu turuke, tukiwa bado juu ya mawingu. Nilitazama saa yangu, nikatazama tena. Baba alikuwa akinywa maji. Tulitua baada ya saa nzima nyingine.

Shangazi alikuwa amesimama penye nguzo, viatu mkononi, macho mekundu. Alimkumbatia kaka yake muda mrefu, akimwita "yaya, yaya", kama tunavyomwita ndugu mkubwa. Kisha akanigeukia.

"Saa nzima najiuliza kama mmeanguka!"

Kabla sijafungua kinywa, baba akajibu: "Ni mimi nilisoma karatasi vibaya. Miwani hii."

"Yaya, toka zamani hauone!" Akamgombeza mpaka kwenye gari, na baba akacheka njia nzima, kichwa ameinamisha, kama aliyekuwa akilingojea gombezo hilo kwa miaka mingi.

Kesho yake mezani sikuweza kuvumilia tena. Nikasema, "Tante, si papa. Ni mimi niliyekosea hesabu, na njiani aliniambia."

Hakuinua hata macho kutoka kwenye sahani.

"Nilijua tangu pale uwanjani. Huyu akosee saa? Huyu? Nipe ile pilipili."