Matairi Manene ya Harusi ya Dada

Gari langu pekee la mbio lilikuwa la Kijerumani, la milango minne, rangi ya divai, na lilikaa chini kiasi kwamba mke wangu akishuka alisema anatoka shimoni. Nililinunua Bukavu kwa mfanyabiashara aliyekuwa anahamia Ulaya. Miaka ile vita vya pili vya Kongo vilikuwa vimesogea mbali ndani ya misitu, na sisi wa Kamembe, upande wa Rwanda, tulivuka daraja la Rusizi asubuhi na kurudi jioni kama watu waendao sokoni. Bukavu ndiko nilikokulia na kusomea sekondari. Nilirudi Rwanda baada ya mauaji ya kimbari, pamoja na mdogo wangu wa kike, na lile gari nililipata miaka michache baadaye, nilipoanza kujiona mtu.

Injini ilikuwa nzuri, viti vya ngozi vilikuwa vizuri, redio iliimba. Matairi, ambayo kwetu huitwa pine, ndiyo yalikuwa yamepata upara, na mawili yalionyesha nyuzi.

Ningeweza kuvumilia, lakini huyo dada yangu alikuwa anaolewa. Baba yetu alikuwa amefia uhamishoni, kwa hiyo kazi ya baba ilikuwa yangu: kumchukua bibi harusi nyumbani kwa shangazi huko Rwimbogo, kumfikisha kanisani Kamembe, kisha kumshika mkono mlangoni na kumkabidhi kwa mume mbele ya watu. Dada aliniomba hilo tu. Padri naye alikuwa ametuonya. Siku hiyo angefungisha ndoa za jozi kadhaa katika misa moja, na atakayefika baada ya Injili angengoja zamu nyingine. Nilimwambia dada asiwe na wasiwasi, gari la kaka yake halijui kuchelewa.

Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kulikuwa na karatasi iliyobandikwa na waliolitengeneza: 225/50 R16. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu wake, nusu ya ule upana. Ya mwisho ni ukubwa wa janti kwa inchi. Mke wangu, ambaye hakupenda hadithi ndefu, alisema, "Weka ya mlangoni, basi."

Kamembe nzima haikuwa na ya mlangoni. Nikavuka.

Hapa nieleze jinsi tulivyonunua matairi siku zile. Tairi ulilolibeba mkononi mpakani lilikuwa bidhaa, na bidhaa ina ushuru. Tairi lililokuwa linazunguka chini ya gari lilikuwa gari. Kwa hiyo kila mtu alivuka na matairi yaliyochakaa, akavalishwa mengine kulekule Bukavu, akaacha ya zamani kwa muuzaji na kurudi akipiga honi. Ubaya wake ni kwamba ulichagua mara moja. Muuzaji hakurudisha, wewe ulikuwa umeshavuka, na mengine ya kujaribia hukuwa nayo.

Muuzaji wangu alikuwa mtaa wa Nguba, kijana wa miwani ya jua aliyepanga okazi, yaani matairi yaliyokwisha kutumika Ulaya, mpaka darini. Ya mlangoni hakuwa nayo. Alikuwa na seti mbili za janti yangu: 205/55 na 225/60. Nilichukua kijiti nikaandika hesabu mavumbini. Mia mbili na tano kwa hamsini na tano ilinipa ubavu wa milimita mia moja kumi na mbili na kidogo, sawasawa na ule wa mlangoni, ila tairi lingekuwa jembamba zaidi. Ile nyingine ilinipa mia moja thelathini na tano. Gari lingeinuka kama vidole viwili, na mzingo wa tairi ungesogelea bati pande zote. Hesabu ilikuwa sahihi. Ninaikumbuka hadi leo, na ndiyo maana siwezi kusingizia ujinga.

Muuzaji aliitazama hesabu yangu, akalitazama gari, akacheka.

"Papa, gari ya chef, ya mukubwa, utaivalisha maguu ya kuku? Hii ya mia mbili na tano ni ya taksi. Angalia hii ingine, iko na kifua. Batu bataona bibi harusi anakuya."

Nikawaza njia ya Rwimbogo na mawe yake, nikajiambia gari likiinuka bomba la moshi litapona. Lilikuwa wazo la maana, lakini silo lililoniamulia. Kilichoniamulia ni neno kifua. Nikafuta hesabu kwa kiatu.

Kwenye kona za kuteremkia darajani nilisikia sauti ndogo mbele, kama mtu anayepangusa meza. Muuzaji alikuwa ameniambia mpira huimba kabla ya kuzoea, basi nikauacha uimbe. Nilikuwa peke yangu ndani ya gari. Haikunijia kujiuliza litakuwaje likipakia.

Siku ya harusi lilipakia. Mbele aliketi shangazi mkubwa, mwanamke wa mwili wa kutosha. Nyuma walikaa dada, msimamizi wake na shangazi mdogo, na kwenye buti kulikuwa na masanduku ya nguo na vikapu vya zawadi. Nilikuwa nimefunga utepe mweupe toka boneti hadi nyuma. Tulipotoka uani, majirani walipiga vigelegele, na matairi yakajibu kwa mlio ambao kwa kweli haukuwa wimbo.

Kila shimo, bati la nyuma lilikaa juu ya tairi. Kila kona, tairi la mbele lilikula plastiki iliyo ndani ya bawa, lile bati linalofunika gurudumu. Tukaanza utaratibu wa ajabu: kwenye kona shangazi wawili wanashuka, mimi nakata kona polepole, wao wanapanda tena. Shangazi mkubwa alisema tangu aolewe hajawahi kutembea safari ndefu hivi ndani ya gari. Dada alicheka mwanzoni. Baadaye akawa anatazama jua.

Kwenye mpando mmoja harufu ya mpira unaoungua iliingia ndani, nikasimama. Nilichungulia: tairi la mbele la kushoto lilikuwa limechimbwa mfereji mzima ubavuni.

Ndipo likaja lori la simenti kutoka Bugarama. Dereva wake, mzee wa kofia ya Kiislamu, alisimama bila kupungiwa mkono. Alimwona dada na gauni lake, akaingiza mkono nyuma ya kiti na kutoa mkeka wake safi wa kuswalia. Aliutandika upande wa abiria na kusema, "Leteni huyu mutoto. Simenti inapangusika."

Dada alipanda, na shangazi mkubwa akajibana kando yake. Msimamizi na shangazi mdogo walipandishwa juu ya mifuko pamoja na masanduku na vikapu, wakiwa wameshika viatu mkononi. Palikuwa bado na nafasi. Dada alitoa kichwa dirishani. Aliniita yaya, kama tunavyomwita kaka mkubwa kule tulikokulia.

"Yaya, acha hiyo gari. Panda na sisi."

Nilikuwa na suti. Nilikuwa na gari lenye utepe.

"Tangulieni," nikasema. "Nitakata hii plastiki, nitawapita kabla ya Kamembe."

Alinitazama kidogo, akaingiza kichwa.

Nilikata plastiki kwa kisu cha kuomba kwenye nyumba ya jirani. Nikapata malengelenge mikononi, nikachafua shati, kisha nikaondoka. Na gari, likiwa tupu, lilikwenda vizuri kabisa. Halikugusa popote. Nilifika kanisani nikiwa nimewasha redio.

Padri alikuwa ameshamaliza Injili muda mrefu. Dada alikuwa mbele na mume wake, katikati ya jozi nyingine, na pindo la gauni lake lilikuwa na rangi ya kijivu. Alikuwa amewahi. Mlangoni, wakwe walipouliza kaka yuko wapi, shangazi mkubwa alimshika mkono yeye mwenyewe, na vumbi lake la simenti, akasema, "Kaka anapima pine. Mpokeeni mke wenu."

Watu walicheka sana, nikaambiwa. Mpaka leo katika ukoo wetu mtu akichelewa, hata mtoto aliyezaliwa baada ya mambo haya atasema fulani anapima pine. Nami hucheka nao, maana ni kichekesho kizuri. Wiki iliyofuata nilivuka tena nikavalishwa yale ya mia mbili na tano, na gari likatulia. Dada ana wajukuu sasa, na hajawahi kunilaumu. Lakini yule mtoto wa baba yangu alikabidhiwa mara moja tu, mlangoni pale, na mkono ulioshika wake haukuwa wangu. Sina dada mwingine.