Majina Manane ya Kinyala

Kama ingekuwa siku ya kusahaulika, mwanangu, ningekuwa nimeshaisahau, maana nimejitahidi sana. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, mwanachuo wa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha ualimu hapa Tukuyu, na nilikuwa najiona. Nilikuwa na mwandiko mzuri, viatu vya ngozi alivyoniletea kaka yangu kutoka Mbeya, na mdomo mrefu kuliko akili.

Mkufunzi wetu wa historia alikuwa mtu wa maneno machache. Alituambia kwamba chuo kinachokaa katikati ya watu bila kuwa na hata ukurasa mmoja unaowahusu watu hao ni mpangaji tu, siku moja kitahama na hakuna atakayejua kilikuwapo. Akafungua stoo ya zamani iliyokuwa imejaa madawati mabovu, akaifagia kwa mikono yake, akaiita chumba cha historia. Kisha akatugawia vijiji. Kila mmoja aende, asikilize wazee, aandike, arudi na karatasi zake.

Mimi nilipewa mteremko mmoja wa Kinyala. Zamani, mama yangu akiwa bado msichana, mvua za masika zilinyesha siku nyingi mfululizo, na udongo wa mteremko ule ukaporomoka asubuhi moja, ukafukia nyumba nne na watu kumi na mmoja. Hawakufukuliwa. Udongo ulipotulia, watu walilia, wakapanda migomba juu yake, maisha yakaendelea. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kuandika majina ya wale kumi na mmoja kabla aliyekuwa anayajua yote hajaondoka. Mtu huyo alikuwa Bibi Tupokigwe, aliyepoteza mume na watoto wawili siku ileile.

Nilifika kwake saa nne asubuhi. Unajua salamu zetu, hazina haraka. "Ugonile," akanisalimu, nami nikaitikia, akauliza habari za mama, za baba, za ng'ombe, za chuo, za njia niliyopita, nami huku natingisha mguu. Akanipa mbalaga ya moto, ndizi zimepikwa zikalainika, nikala kwa heshima. Nilipoona sahani imeondolewa, nikatoa daftari.

Akataja watatu, mume wake na watoto wake. Hao aliwataja bila kufikiri. Nikasubiri, kalamu mkononi.

"Na wengine, bibi?"

"Wengine siwezi kuwataja nimekaa," akasema kwa Kinyakyusa chake kizito. "Nikiwa nimekaa wanachanganyika. Nikitembea kule juu ndiyo wanakuja, kila mmoja mahali pake. Hapa palikuwa mlango wa nani, pale jiko la nani. Sasa njia ni tope. Lala hapa, kesho tutapanda."

Nikamuuliza angalau yule wa nyumba iliyokuwa karibu na chemchemi, maana nilishasikia kwamba kutoka nyumba hiyo alipona mtoto mchanga mmoja. Bibi akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza.

"Yule habari yake ni ndefu," akasema. "Alimtoa mtoto, akampa mpita njia, halafu akarudi ndani. Yule ndiye nataka umwandike vizuri kuliko wote. Jina lake nitakupa ukiwa umesimama mlangoni kwake."

Mwanangu, alichokuwa anaomba ni usiku mmoja na asubuhi moja. Lakini kesho yake ilikuwa Jumamosi, na chuoni kulikuwa na dansi, na kulikuwa na kijana mmoja wa mwaka wa tatu ambaye sasa hata sura yake siikumbuki. Nikamwambia bibi kwamba nitarudi wiki ijayo. Akaniaga kwa mkungu wa ndizi, nikaubeba kichwani mpaka barabarani nikinung'unika juu ya tope.

Wiki ijayo haikuja. Ilikuja siku ya kukusanya kazi. Usiku uliotangulia nilikaa bwenini na majina matatu ya kweli na nafasi nane tupu, nikaona aibu ya kupeleka karatasi yenye mapengo. Basi nikazijaza. Kwani nani angejua? Nikachukua jina la fundi cherehani wa mtaani kwetu, la msichana niliyecheza naye netiboli shule ya msingi, la mama aliyekuwa akiuza vitumbua stendi. Yule wa chemchemi nikamtafutia jina zuri, maana nilikumbuka bibi alivyonitazama. Nikampa jina la shangazi yangu, Sekela. Nikaandika kwamba Sekela alimtoa mtoto akarudi ndani. Nikalia kidogo nilipokuwa naandika, fikiria! Nililia kwa uongo wangu mwenyewe.

Mkufunzi aliisoma mbele ya darasa zima. Akasema, "Mmeona? Hivi ndivyo kazi inavyofanywa." Wenzangu walioleta karatasi zenye mapengo walisimamishwa wakasemwa. Mmoja wao alikuwa ameandika ukweli mtupu, kwamba mzee aliyetumwa kwake alikuwa mgonjwa, kwa hiyo hakupata kitu. Yule alipata alama mbaya kuliko wote. Mimi nilipewa ya juu, na karatasi yangu ikatiwa kwenye fremu ya kioo.

Nilimaliza chuo, nikapangiwa kufundisha mbali, nikaolewa, nikafiwa, nikastaafu, nikarudi nyumbani. Muda wote huo ile karatasi ilikuwa ukutani inafanya kazi. Chuo kiliichapa kwenye kijitabu cha historia ya wilaya. Kijitabu kikagawiwa shule za msingi. Wanachuo kila mwaka walipelekwa Kinyala kuuona mteremko, wakisoma majina yangu kwa sauti wakiwa wamevua kofia. Sikusema neno. Nilijiambia kwamba wafu hawana neno, na walio hai wamepata kitu cha kukumbuka. Mtu akitaka kujidanganya hakosi la kujiambia.

Mwaka juzi chuo kikanialika siku yao ya historia, mimi kama mgeni wa heshima, mwanachuo wa kwanza aliyekusanya habari za Kinyala. Nilivaa kitenge kipya. Binti mmoja mchangamfu anaitwa Bupe ndiye alikuwa akitembeza wageni kwenye chumba kile. Kimepakwa rangi siku hizi, kina ngoma, majembe ya zamani, vyungu, na fremu yangu iko katikati. "Bibi, kazi yako ni noma," akaniambia, "sisi wote tunaijua kwa kichwa."

Ndipo akaingia mzee mmoja mrefu, kofia mkononi, koti limepigwa pasi vizuri. Akasema anaitwa Ambakisye, anatoka Masukulu, na amekuja kuuliza jambo moja. Aliyemlea, alipokuwa karibu kufa, ndipo alipomwambia kwamba hakumzaa. Alimpokea akiwa mchanga kutoka kwa mwanamke mmoja wa Kinyala siku ya maporomoko, akaondoka naye, akamficha ukweli kwa kuogopa kunyang'anywa mtoto. Na jina la yule mwanamke hakulijua. Alisikia watu wakimwita Mama Ambakisye, basi.

"Kwa hiyo mama yangu namjua kwa jina langu mwenyewe," mzee akasema, akajaribu kucheka. "Nimeambiwa hapa chuoni yako majina. Mimi nina miaka zaidi ya sabini. Nataka tu kulijua la kwake kabla sijamfuata."

Bupe akarukaruka kwa furaha, maskini. Akamshika mkono akampeleka kwenye fremu, akaweka kidole juu ya kioo. "Huyu hapa, babu! Sekela. Nyumba ya chemchemi. Alimtoa mtoto akarudi ndani. Huyo mtoto ni wewe!"

Mzee akalitamka. Sekela. Akalitamka tena polepole. Machozi yakamtoka pale mbele ya watu wote, na watu wakapiga makofi. Bupe akamwambia, "Na aliyeandika ndiye huyu hapa." Mzee akanijia, akanishika mikono yote miwili, akainama mpaka nikaona utosi wake. "Ndaga fijo, asante sana, mwalimu," akasema. "Umenizaa mara ya pili."

Na mimi, mwanangu, nilijibu "ndaga". Hilo tu. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na nafasi, na nikajitia hamnazo kwa mara nyingine, nikiwa na nywele nyeupe.

Nililala vibaya siku nyingi. Mwishowe nikaenda Kinyala, nikiwaza kwamba labda Bibi Tupokigwe, kabla hajafa, aliwaachia watu wa nyumbani kwake majina ya kweli. Nilimkuta mjukuu wake kwenye shamba lake la parachichi, mtu mzima mwenye watoto. Nilimuuliza kama bibi alimtajia wale watu kumi na mmoja. "Tunao," akasema kwa fahari, akaingia ndani, akatoka na kijitabu cha chuo.

Nikamwambia si hicho, nataka majina aliyoyataja bibi mwenyewe. Akajikuna shingo.

"Bibi alikuwa anataja tofauti," akasema. "Tulipokuwa shule alikuwa anatupandisha kule juu, anaonyesha hapa fulani, pale fulani. Sisi tukamwambia, bibi, unakosea, kitabu cha chuo kinasema hivi. Tukawa tunamsomea. Alikasirika sana mwanzoni. Baadaye akanyamaza. Miaka yake ya mwisho hakutaja mtu tena."

"Hukumbuki hata moja?"

"Tulikuwa watoto, mwalimu. Tuliamini kitabu."

Nikakaa pale chini ya mparachichi, sikujali kitenge. Mpaka siku ile nilidhani kosa langu ni la kutoandika. Kumbe nilimnyang'anya mwanamke yule watu wake akiwa hai, akiwa na akili zake timamu, mbele ya wajukuu zake. Yeye alikuwepo wakati udongo unashuka, mimi nilikuwa na mwandiko mzuri, na walimwengu wakaamini mwandiko. Nilimlilia Bibi Tupokigwe siku ile kama vile amekufa jana.

Kutoka pale nikaenda Masukulu. Nilimkuta Mzee Ambakisye kati ya migomba yake, karibu na makaburi ya nyumbani kwake. Alikuwa amechukua udongo kidogo kutoka ule mteremko, akauzika hapo, akaujengea kaburi dogo la saruji. Juu yake alikuwa ameandika kwa msumari, saruji ikiwa bado mbichi: SEKELA, MAMA WA AMBAKISYE. Akanikaribisha kwa furaha, akaita wake wa wanawe waje kumsalimia mwalimu aliyemrudishia mama.

Nilimwomba tubaki wawili. Nikamweleza yote, dansi, viatu, nafasi nane, shangazi yangu. Sikupunguza kitu. Alisikiliza akiwa ameshika shina la mgomba. Nilipomaliza nilitamani anitukane.

"Unalo jingine?" akauliza.

"Jina?"

"Ndiyo. Kama hili si lake, nipe lake."

"Sina, kaka. Hakuna aliye nalo."

Akatikisa kichwa. Akaligeukia lile kaburi, akalitazama. Hakulia, na mimi ningefarijika kama angelia. Akasema, "Basi nenda, mwalimu. Niache na mama wa watu."

Niliondoka. Hajanitumia salamu tangu siku hiyo, nami simlaumu. Nilipitia chuoni nikamweleza mkuu wa chuo, nikasaini kwa mkono wangu kwamba majina manane ni ya kutunga. Fremu imeshushwa. Vijitabu vingine bado viko shuleni, vinasomwa. Siwezi kuvifuata vyote, miguu yangu imechoka.

Bupe aliposikia hakunisemesha kwa miezi miwili. Halafu akaja na wenzake, akasema mwezi ujao wanapelekwa vijijini kukusanya habari za wazee, niwaambie neno. Neno langu ndilo hili.

Mwanangu, chuo chako kina nguvu usiyoijua. Kikiandika, watu huacha kukumbuka, wakidhani wameshatunziwa. Kwa hiyo ukifika kwa mzee, usimpangie namna ya kukumbuka. Akitaka kutembea, tembea naye. Akisema kesho, lala hapo. Ulichoandika mrudishie umsomee, akikwambia umekosea, futa cha kwako na siyo cha kwake. Na pale usipojua, acha wazi. Andika "sijui" kwa mwandiko wako mzuri kabisa, utie na sahihi yako. Nafasi tupu mtu anaweza kuja kuijaza siku moja. Mimi nilizijaza zote, na aliyekuja kutafuta mahali pa kumweka mama yake akakuta pameshakaliwa. Na ukiwa mkufunzi, usije ukamwadhibu mtoto aliyekuletea karatasi yenye pengo la kweli.

Nenda sasa. Kyala, Mungu wetu, akupe masikio yenye subira na miguu isiyoogopa tope. Wale utakaowaandika wakujie kwa majina yao waliyopewa na mama zao, na wewe ukifika uzee usiwe na mlango wa mtu ambao unaogopa kuupita.