Maji ya Kunyunyizia Kabichi

Soko la Chisanje, Blantyre, ndiyo kwanza linafunguliwa. Zione Kachingwe, mhudumu wa afya ya jamii, anaweka ndoo ya maji yenye klorini mbele ya Abiti Wyson, bibi muuza kabichi. Bibi anachovya tawi la majani na kunyunyizia mboga zake ili zisinyauke.

Mwezi uliopita maji hayo yalitoka mtoni.

Kipindupindu kilipoingia, Zione alipita nyumba kwa nyumba akiuliza wagonjwa walikula nini. "Sikula kitu, dada," wengi walijibu, maana hapa asiyekula nsima, ugali wa huku, hajala. Alipowabana wakakumbuka chipsi za barabarani. Habari zikaenea, watu wakamvamia mama muuza chipsi na kupindua karai lake.

"Nikajiuliza, mafuta yanayochemka yanabeba vipi ugonjwa?" anasema Zione. "Nikarudi kuwauliza: juu ya chipsi mliwekewa nini? 'Ah, kabichi tu.' Mbichi. Hakuna aliyeihesabu."

Kabichi ikamfikisha kwa Abiti Wyson, na maabara ikakuta vijidudu kwenye ndoo yake. Miongoni mwa watu wanne waliokufa alikuwamo Yamikani, mjukuu wa bibi huyo, mwenye miaka sita.

Wakubwa wa Zione kazini walimtaka afunge tu meza ya bibi, asimweleze sana. Zione hakukubali. "Angeenda kunyunyiza kwingine. Na kuficha kitu kama hicho ni ukatili, hata ukiuita huruma."

Alimkuta bibi jikoni kwake, akapiga magoti, akamwambia maabara ilichokuta.

"Kwa hiyo ni mkono wangu."

"Ni maji, bibi."

"Yalichotwa na nani? Usinibembeleze, mwanangu." Kisha akauliza, "Wenzangu sokoni wanajua?"

"Bado."

"Nitawaambia mimi. Wewe watakutukana."

Kesho yake bibi alianza kwa yule mama wa chipsi, akamwomba radhi mbele za watu. Halafu akazunguka soko zima akieleza kilichomuua mjukuu wake. Ndoo za maji ya mtoni zikamwagwa, na hadi sasa hajapatikana mgonjwa mpya.

Zione ameomba soko liwekewe bomba. Hajajibiwa, hivyo kila asubuhi anabeba ndoo.

"Natamani siku moja nije hapa mikono mitupu," anasema.

"Ukija hivyo nitakupa kabichi," anasema Abiti Wyson.

"Nitaipika kwanza, bibi."

Bibi anaweka tawi chini. "Ipike," anasema. "Ipike sana."